Kiti Kisichokaliwa

Songeni, wanangu, Ngendo, nawe Nicanor, mfunge mlango. Pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema mara mbili. Msumeno na randa ni za Nicanor. Mbuzi walioko Gatuanyaga ni wa Ngendo, na asije mtu kumwambia kwamba mwanamke hagawiwi mbuzi. Kimebaki kiti hiki kidogo chenye namba ya rangi nyeupe, mlichokiona hapo ukutani mwaka mzima msithubutu kuuliza.

Nilikitengeneza mwenyewe kule Ruiru, nilipokuwa fundi wa mbao wa Mzee Harilal. Jumapili asubuhi nilikuwa kanisani. Mchana nilikuwa uani kwake, akitusimulia kwa Kiswahili chake cha dukani ile hadithi takatifu ya dini yao, ya mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao akaishi msituni miaka kumi na minne, na tumbili aliyempenda hata akaruka bahari kumtafutia mkewe. Wao huamini kwamba popote isimuliwapo, tumbili huyo huja kusikiliza, basi huwekewa kiti mbele, na mtu hakikalii. Niliipenda heshima hiyo kuliko mahubiri mengi.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni, bwana ofisa akaingia na askari wake, akatuhesabu kumi na mmoja, akauliza, "Kiti hiki kinamngoja nani?"

"Tumbili, bwana," akasema Mzee Harilal.

Ofisa akaandika. Akauliza huyo mwana wa mfalme yuko msitu gani na atarudi lini. Akaandika hayo pia. Kaka yenu Gerishon alipoona kalamu haichoki, akaketi kitini, akacheka: "Ni changu, bwana. Maliza kazi."

Yangeishia hapo. Lakini mimi, mjinga wa ibada, nikamkaripia mbele ya wote: "Ondoka! Hicho si chako, mwenyewe anakuja!"

Sijapata kusema neno likaandikwa upesi vile. Wakamchukua Gerishon, eti anamshikia mtu wa msituni nafasi, wakachukua na kiti kiwe ushahidi. Kwa kiti nilipewa risiti, kwa mwanangu sikupewa. Nilizunguka na risiti ile ofisi zote za Thika, hata mwaka jana karani mmoja, mtu wa adabu sana, akanirudishia kiti kimepanguswa vumbi, akaniomba nitie kidole gumba kwamba sina dai jingine. Nikatia.

Mama yenu alikufa akimlaumu ofisa. Aliyemponza kaka yenu ni mimi. Mzee Harilal amerudi kwao Bara Hindi, hadithi ikakatika mwana wa mfalme angali msituni, nami mwisho wake siujui. Majuto ni mjukuu, husema watu. Kwa Gerishon sitampata hata huyo.

Maji, Ngendo... Basi. Kiti kisizikwe nami, kisichomwe, asikikalie mtu, hata chifu. Kiwekeni karibu na mlango. Mungu awape ndimi nzito, wanangu, na watoto wanaocheka. Gerishon harudi, najua, nimeona makarani wengi mno... Lakini akirudi, msimpe pole. Mwambieni... baba amesema... keti. Ni chako.