Fundi Aliyemshika Mkwewe Mkono

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, ambaye yote haya aliyashuhudia kwa macho yake mawili, hata kuzaliwa kwa marehemu, ingawa marehemu alimtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na mwenye kubisha aje abishe tukishazika.

Marehemu, fundi seremala tuliyemwita Randa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa nne wa mshona magodoro, akasoma shule ya msingi jirani na hapo hadi mwaka 1973, akakumbukwa kwa kutengeneza madawati ambayo sisi wengine tulikumbukwa kwa kuyavunja. Januari 1975 aliingia karakana ya samani karibu na soko la mbao, tarehe 6 Juni 1987 akafunga ndoa na dada yetu, wakajaliwa watoto watatu, wa katikati akiwa binti huyu aliyeketi karibu na mama yake, tuliyempachika jina Kasuku kwa wingi wa maneno.

Hapa tutasimama kidogo, maana katikati ya mwaka 1994 marehemu alipewa kazi ya kukarabati mabenchi ya kliniki ya watoto, na muuguzi aliyekuwa akiwafundisha akina mama mambo ya dharura, alipochoshwa na kelele, alimwambia, "Fundi, tua hiyo nyundo usikilize, au wanao wanalelewa na misumari?" Akina mama wakacheka, naye akaketi kwenye benchi bovu, akasikia kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au tina ya kuzimulia rangi hatapishwi, hapewi maziwa wala mafuta ya kula, kwa kuwa kile kitu kikirudi juu huingia mapafuni, bali avuliwe nguo zilizolowa, akae wima, akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe, kisha akarudi kugongomea, na somo lililofuata, la kutokuweka sumu katika chupa za vinywaji, likamezwa na nyundo yake.

Jumanne, tarehe 9 Agosti mwaka huohuo, Kasuku akiwa na miaka miwili, aliokota chini ya meza ya kazi ya baba yake chupa ya soda yenye tina ya kuzimulia vanishi, akanywa, akaanza kukohoa, kinywa kinanuka, pua zinatanuka na mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Mama yetu mzazi, mkwe wa marehemu, aliyekuwa amewatembelea, na aliyelea watoto saba bila kumzika hata mmoja, alimpakata mjukuu wake, kikombe cha maziwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikielekea kooni. Marehemu akasema, "Mama, nakuomba usimtapishe," mama akamjibu, "Baba, wewe chonga mbao, watoto tuachie sisi," ndipo mtu huyu, ambaye hata kukaa kochi moja na mkwewe aliona haya, alipomshika mkono na kuukaza, maziwa yakammwagikia mama nguoni, akamnyang'anya mtoto mbele ya majirani, wengine wakisema fundi ameshapagawa.

Alimbeba wima kifuani, chupa mfukoni, hadi hospitali, akamwambia daktari, "Mwenye kuiweka chupa ni mimi," na binti akawekewa oksijeni, daktari akaeleza kwamba mapafu yameguswa kidogo, lakini angetapishwa tungekuwa tunazungumza mengine. Mama, aliyekuwa amefuata nyuma, alisikia yote akiwa mlangoni pa wodi, akamwambia mkwewe, "Mwanangu, ulinishika kwa haki, uniwie radhi," na marehemu akainamisha kichwa.

Tangu hapo, kila nyumba aliyoipelekea samani alifunga juu ukutani, bila kuombwa, kabati dogo lenye komeo, la kuwekea dawa, jiki na mafuta ya taa, na wateja walipomtania kwamba hilo ni kabati la twiga, yeye aliyekuwa mfupi hata la kwake akilifikia kwa kupanda kigoda, aliwajibu, "Ndiyo, nani kakuambia mwanao ni twiga?"

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa tarehe 20 Oktoba 2021, akafariki tarehe 2 Novemba, alfajiri, Kasuku akiwa kando ya kitanda, akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliopokezana kumkalisha apate pumzi, na mafundi wenzake walioliranda jeneza hili kwa mikono yao.

Mwisho, msomaji anakiri kwamba maneno yale ya mlangoni pa wodi ni ya kutunga kwake, kwa kuwa mama hakuyasema, siku ile wala miaka yote iliyofuata, na marehemu aliyangoja mpaka kitandani. Mama yuko mstari wa mbele, jana mchana alisomewa karatasi hii hadi mwisho, kisha akasema, "Hayo usiyafute."

Pumzika, Randa, kwa amani.