Mama Funga, Mkemia Aliyeifuta Sifa Yake

Ndugu waombolezaji, dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983, kwa neema ya Mungu, akahitimu shahada ya uzamivu ya kemia.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika maabara ya dawa, na sisi ambao shule ilitupita kando alitueleza kwa subira kwamba molekuli nyingine zina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, mmoja ukiponya na mwenzake ukidhuru, na kazi yake ilikuwa kuunda fosfini, kishikio kinachoikumbatia metali inayochochea kuundwa kwa dawa, ili itengeneze mkono mmoja tu, na kwa kuwa fosfini zake ziliharibika zikiguswa na hewa, alikuwa akipaza sauti, "Funga! Funga!" hadi wenzake wakambatiza Mama Funga.

Tarehe 6 Desemba 1986 aliolewa na fundi majokofu, shemeji yetu huyu, anayetania kwamba alipendwa kwa sababu mabomba yake hayavuji, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 1991 fosfini yake mpya ilisifiwa kila mahali, kiwanda kikajiandaa kuitumia, cheo kikawa mlangoni, ndipo akagundua kwamba alikuwa amepima fuwele zilizokwisha kusafishwa badala ya mchanganyiko wote, sawa na mtu aliyepepeta mchele, akaondoa chenga zote, kisha akakisifia kinu kwamba hakivunji punje, na mwenzake alipomnong'oneza, "Dada, nyamaza, nani atajua?" alijibu, "Atakayemeza," akasimama mkutanoni akaifuta sifa yake mwenyewe, cheo akapewa mwingine, naye akaanza upya, ingawa nyumbani alinuna mwezi mzima, maana hakuwa malaika.

Tarehe 9 Agosti 1996 fosfini nyingine, iliyopimwa kabla ya chochote kusafishwa, ilitoa karibu mkono wa kulia pekee, ule unaoponya, na dawa ya moyo iliyotokana nayo inamezwa hadi leo, nasi tunajivuna, Mungu atusamehe tukizidisha.

Mei 2021 alipatikana na maradhi ya figo, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 2 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufungulia milango yao, na wafanyakazi wenzake, waliotuambia jana kwamba katika maabara ile, hadi leo, hakuna anayethubutu kusafisha kabla ya kupima.

Dada, ulisema kweli hata ilipokuuma, sasa pumzika kwa amani ya Bwana.