Fundi Unga na Shimo la Nyuma ya Kiwanda

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, mtoto wa pili wa fundi bomba na muuza mkaa, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, sekondari mwaka 1986, na mwaka 1989 akapata cheti cha maabara katika chuo cha ufundi. Tarehe 2 Januari 1990 aliajiriwa katika kiwanda cha ngozi, na tarehe 17 Agosti 1996 akafunga ndoa na mshonaji wa mtaani kwetu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2012 kiwanda kilileta unga mweusi, chembe ndogo mno za chuma na mkaa, unaonasa sumu katika maji machafu, nao ulikuwa ghali, hivyo haukutupwa: kaka aliuvuta kwa sumaku, akauosha kwa tindikali hadi uteme ulichonasa, akausuuza, akaukausha, akautumia tena, hata mara nane, na ndipo mkamwita Fundi Unga. Bombani yalitoka maji maangavu, wageni wakapigwa nayo picha. Lakini sumu haikwenda popote, ilibaki yote katika maji ya kuoshea, na kaka alipouliza ayapeleke wapi, meneja alimjibu, "Mwaga shimoni, umeajiriwa kuosha, si kuuliza." Alimwaga miaka sita. Alikuwa na watoto wa kusomesha; simtetei.

Tarehe 5 Juni 2018 alipima kisima cha mtaa, hatua themanini kutoka shimo lile, akakuta sumu ileile, na kesho yake akasimama kwenye mkutano wa mtaa akasema, "Msinywe maji yale, ni mimi niliyemwaga." Kiwanda kilimfukuza wiki hiyohiyo. Kisima kilifungwa, vipele vya watoto wenu vikapona, na shukrani yenu ikawa mawe juu ya bati lake, salamu zisizoitikiwa, na cherehani ya shemeji kukosa hata suruali ya kukunja pindo, ilhali meneja mliendelea kumpisha njia. Aliyeficha alikaa kivulini, aliyekiri akaachwa juani.

Figo zake zilianza kushindwa Novemba 2021, maana maji yale ya kuoshea unga aliyashika kwa mikono mitupu. Alilazwa mara tatu, akafariki tarehe 11 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, tunamshukuru mlinzi wa kiwanda, mfanyakazi mwenzake pekee aliyefika wodini. Nanyi majirani, mmejaa leo hadi barabarani, asanteni kwa viti na turubai, ingawa miaka mitano nyumba hii ilikuwa hapahapa na mlango haukufungwa.

Kaka, kweli uliisema peke yako, na mzigo ukaubeba peke yako. Sasa utue, upumzike kwa amani.