Bwana Nyuzi na Swichi ya Kitalu cha Pili

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, aliyepewa kazi ya kusoma karatasi hii ni mdogo wake marehemu, yule aliyemfuata ziwa, naye anaomba mmvumilie, kwa sababu si yote yaliyoandikwa humu yanasomeka kwa urahisi mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako hakung'ara katika lolote isipokuwa hesabu na ubishi, kisha mwaka 1970 akajiunga na chuo cha kilimo na kutoka na cheti cha mbogamboga.

Kazi alianza tarehe 2 Februari 1973 akiwa kibarua wa kumwagilia, akapanda hadi kuwa msimamizi, na mwaka 1988 akasimamisha vitalu nyumba vyake viwili, yale mabanda marefu ya nailoni mnayoyajua, akapanda matango na pilipili hoho, na ndipo alipoitwa Bwana Nyuzi, kwani kipimajoto hakikumtoka mfukoni, na hata chai akiletewa alikigusa kikombe akataja ina nyuzi ngapi, na mara nyingi alipatia. Alioa tarehe 20 Desemba 1979, akampata mke aliyemzidi maneno na kazi pia, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na kitindamimba wa kike.

Mwaka 1995 alimwita fundi wa umeme wa mtaa wa pili amfungie jiko la gesi la kupasha joto msimu wa baridi, pamoja na boksi la kufungua madirisha ya paa bila kuguswa na mtu. Fundi alimweleza kwa kituo kwamba baridi ya huku ni ndogo, haiui tango, kinachoua ni unyevu, hivyo madirisha lazima yafunguke kila jua linapochomoza, hata kama joto linatoka, na kwamba jiko likiwaka hewa isipopita, ndani huwa sumu, mtu asithubutu kuingia. Marehemu aliitikia, lakini roho ilimuuma kila alipoona joto lake linapaa bure.

Tarehe 9 Julai 1996, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ilipozidi kidogo, aliigeuza swichi ya kitalu cha pili ili madirisha yasifunguke, akaliacha jiko linawaka, akapakia makreti na kwenda sokoni bila kumwambia mtu. Mkewe akaingia kuyafunga matango kamba. Marehemu aliporudi saa tatu alimkuta amelala kati ya matuta, mkasi mkononi, hana uhai, naye, kabla hajapiga ukelele, alikwenda kwenye boksi akairudisha swichi mahali pake.

Tulipofika alituambia mtambo ulikwama, nasi tukaamini. Fundi aliitwa muuaji, wateja wakamkimbia, akafunga kibanda chake na kuhama na familia yake, na hata huyu anayewasomea alimtukana njiani mbele ya mke wa fundi, jambo ambalo leo linamchoma.

Tangu siku ile marehemu hakulitumia boksi tena, madirisha ya paa aliyafungua mwenyewe kila alfajiri kwa karibu miaka ishirini na saba, na ya chumbani hayakufungwa kamwe, watoto wakalala na masweta. Tuta la nne, pale alipomkuta mkewe, hakulipanda kitu. Vibarua walimsikia akisimama pale akisema polepole, "Toka, mama watoto, toka nje," wakadhani anasali, wakampita kwa heshima.

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2023, akalazwa hospitali ya rufaa, wodi ya wanaume, na tarehe 30 Julai alimshika mdogo wake mkono akamweleza yote, akasema, "Msinizike kwanza. Mtafuteni fundi, muyasome haya na yeye akisikia." Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri. Familia ilivutana, mtoto mkubwa akatoka chumbani akibamiza mlango, hadi kitindamimba aliposema karatasi hii isomwe, maana fundi naye ana watoto, ndipo tukamtafuta hadi tukampata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na wakulima wenzake mliotuchumia matango juma zima bila kuombwa.

Fundi, tunakuona umesimama pale kwenye geti, hukutaka kiti na hatukulazimishi. Mtambo wako ulikuwa mzima. Aliyeigeuza swichi ni ndugu yetu, na sisi tuliokuhukumu tunakuomba radhi mbele ya wote waliokuita muuaji. Utusamehe au usitusamehe, uamuzi ni wako, hatutakudai.

Nawe kaka, ulichoshindwa kukisema tumekisema, mkeo amesikia na wanao wamesikia. Pumzika kwa amani, ukiweza.