Kumuaga Sidonie, Mwenye Mvinyo Usiotaka Limau

Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti wa ushirika wetu wa zabibu, Baba Paroko, wafugaji wenzangu wa chaza mliokuja na mabuti yenu ya maji, wageni waalikwa, na wewe Sidonie Azalbert, uliyetukataza kabisa tusikufanyie sherehe:

Nimepewa dakika tano. Miaka arobaini nitaibanaje humo?

Mgeni atauliza, mfugaji wa chaza anatafuta nini kwenye kumuaga mkulima wa zabibu anayestaafu? Basi ajue kwamba sisi wawili tulianza kwa ugomvi. Nilikuwa kijana, nimefungua kibanda changu cha chaza pale kando ya ziwa letu la maji ya chumvi, na ili nionekane mtu wa maana nikawa nawapa wateja mvinyo mweupe wa kaskazini, wenye chupa ya fahari. Siku moja adhuhuri Sidonie akaingia na chupa yake mkononi.

"Wewe bwana, mizabibu yangu huioni hapo dirishani?"

"Naiona, mama. Lakini mvinyo wako mkali, unachoma mdomo."

"Ndiyo maana unaitwa Picpoul, mchoma mdomo! Chaza wako wana chumvi ya kumtapisha farasi. Wanataka kitu cha kuwajibu." Akaiona sahani ya malimau ya kukamulia chaza mezani, akaiinua, akayamwaga yote ziwani. "Na haya ya nini? Limau ndilo hili," akaigonga chupa.

Nikamfukuza. Alipotoweka nikaonja ile chupa aliyoiacha. Jamani! Ule ukali uliifuta chumvi mdomoni nikatamani chaza mwingine, na mwingine tena, hata nikala chaza kumi na wanane wa biashara nikiwa nimesimama. Kesho yake nilimpelekea kikapu cha chaza. Ndiye aliyenifunza baadaye kwamba mvinyo huo unapatana na kome wa kuchoma, na ile mikate ya pweza na nyanya wanayooka akina mama wa mji jirani wa Sète, na jibini ya mbuzi ikiwa bado changa. Lakini ukiuweka mbele ya nyama ya ng'ombe, Sidonie hasemi nawe wiki nzima.

Mnaukumbuka ule Agosti wa joto, maji ya ziwa yalipogeuka meupe na kunuka mayai yaliyooza? Kwa siku tatu chaza wangu walikufa kwenye kamba zao. Wote. Mke wangu Régine alilia. Mimi hata kulia nilishindwa. Nilikuwa kibandani naandika tangazo la kuuza mashua, Sidonie akaingia.

"Leo sina chaza," nikamwambia.

"Sikuja kula. Jumatatu tunaanza kuvuna. Nataka mikono."

"Sitaki huruma yako."

"Huruma? Kuajiri mvunaji mwenye magoti mabovu kama hayo yako? Wa kuhurumiwa ni mimi."

Nikaenda. Kutoka mistari ya juu ya mizabibu ziwa lote linaonekana, nami nilivuna siku nzima nikiwa nimeligeuzia mgongo. Mchana tulipoketi kwenye meza ndefu, Sidonie aliwainua watu wawili ili anikalishe mahali ninapoelekea maji.

"Litazame," akasema. "Halijafa. Linaumwa."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wavunaji thelathini, na hakuna aliyecheka, kwa sababu yeye alisimama nyuma yangu na mkono wake begani mwangu mpaka nilipomaliza. Jioni ile nililichana tangazo. Mashua ninayo hadi leo.

Mwaka huu mgongo wake umekataa kuinama. Wajenzi wa nyumba za likizo walimfuata mara nne wakitaka shamba lake, wakimwahidi mambo makubwa, naye mara nne aliwaonyesha mlango. Mizabibu amemkabidhi binti yangu Maguelone, ambaye hadi wiki iliyopita hakuniambia lolote, kwa kuwa Sidonie alimwambia, "Baba yako atapiga kelele kwanza, afurahi baadaye." Nilipiga kelele. Nimefurahi.

Sidonie, ulinikuta nikijiona bwana mkubwa ukanisema, ukanikuta nimevunjika ukanipa kazi. Ni wangapi humu wamepata jirani wa namna hiyo?

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Ningeendelea, lakini naona ananikonyeza nikae, eti chaza wanapata joto. Na kwa kuwa sijawahi kumshinda mama huyu hata siku moja, nakaa.