Dkt. Gladwell Kagwiria, Aliyetafuta Sindano Isiyoliza

Dkt. Gladwell Kagwiria alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kiirua, Buuri, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kailemia na Mama Kiende, wakulima wa viazi.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kiirua, kisha akaenda kukaa kwa shangazi yake huko Muthara, alikosomea sekondari. Likizo ya Agosti 1994 alimkuta mdogo wake Kiunga, wa miaka minane, ameanza kudungwa kila siku kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Mama alimdunga, Kagwiria akamshika mikono. Asubuhi moja Kiunga aliacha kupiga mayowe, akamtazama usoni. “Hata wewe, Kagwiria?” Hakumwachilia, maana bila dawa ile mtoto angekufa. Lakini baadaye alikwenda nyuma ya jiko akalia. Alisomea ufamasia Nairobi, akahitimu mwaka 2003.

Alifanya kazi hospitalini Meru mjini, akarudi masomoni hadi uzamifu, na mwaka 2012 akaanza kufundisha chuoni Embu. Huko alijitosa kutengeneza kibandiko cha dawa chenye sindano fupi kuliko punje ya wimbi, zilizotengenezwa kwa wanga wa viazi. Zilikusudiwa kupenya ngozi ya juu tu, ziyeyuke, ziache dawa mwilini. Za kwanza zilipinda kama karatasi iliyolowa. Wenzake wakamshauri atumie chuma. “Chuma kikikatikia ndani, nani atakitoa?” aliwajibu. Miaka ikapita. Mwaka 2019 alichanganya ule wanga na chembe za udongo laini mno, zisizoonekana kwa macho, na sindano zikasimama imara. Dawa ya sukari, hata hivyo, ilihitaji kipimo kikubwa kuliko zilivyoweza kubeba. Jambo hilo lilimuuma sana. Kiunga mwenyewe ndiye aliyemwambia, “Anza na chanjo za watoto. Mimi nilishazoea.” Akaanza na chanjo.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Mwalimu Mwaniki wa Manyatta, wakajaliwa Ruguru na Gikunda. Mwalimu, wanaomjua wanajua, huogopa sindano kuliko nyoka. Kagwiria alipoleta nyumbani kibandiko kitupu, kisicho na dawa, Mwalimu alikunja shati, akafumba macho, akakaza meno.

“Haya, bandika basi!”

“Nilishabandika, Baba Ruguru. Kunywa chai, inapoa.”

Mwalimu alifumbua macho, akautazama mkono wake, akaomba andazi.

Mwaka 2023 Kagwiria aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Meru na Nairobi, na kila alipopata nafuu alirudi maabara, kitambaa kichwani, akiwatania wanafunzi kwamba sasa hana haja ya msusi. Mwezi Mei mwaka huu wa 2025, kibandiko kisicho na dawa kilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa watu wazima waliojitolea. Yeye alikuwa amelazwa. Mwenzake wa maabara, Bi. Nasro, alimpigia simu.

“Daktari, zimeyeyuka zote. Hakuna hata mmoja aliyepata kidonda.”

“Na wenyewe wamesema nini?”

“Kuna mama mmoja ametuuliza tutaanza saa ngapi. Alikuwa tayari amebandikwa!”

Alicheka hadi muuguzi akaja mbio kuona kuna nini. Jioni ile alimwambia Mwalimu kwamba sasa hata akilala, kazi haitalala. Tarehe 9 Juni 2025, mumewe akiwa amemshika mkono, alituaga. Jaribio la chanjo yenyewe limepangwa mwakani, na Bi. Nasro ndiye atakayeliongoza.

Ameacha mume, Mwalimu Mwaniki. Watoto, Ruguru na Gikunda. Mama mzazi, Mama Kiende. Ndugu zake Kiambi na Kiunga. Wapwa, wanafunzi na marafiki wengi.

Mungu aliyetujalia Kagwiria ampokee na kumpumzisha kwa amani.