Katekista wa Watoto na Misizi: Privatus Byarugaba (1949–2025)

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Kagaruki, mtoto wa pili wa marehemu. Dada yangu Annastella amesema nisome mimi kwa kuwa nina sauti kubwa. Waitu, angejua! Humu ndani kuna jambo ambalo marehemu amefariki kabla sijamkiria. Tukifika mwaka 2012 mtalisikia, na tafadhali msinizomee, tuko msibani.

Marehemu Privatus Byarugaba alizaliwa tarehe 14 Septemba 1949, jirani na Rubya, wilayani Muleba, Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Hakukubali mtu asahau tarehe hiyo. Alisema Mwokozi alitukomboa juu ya mti, kwa hiyo anayekata mti ovyo ajiandae kujieleza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957. Siku moja mwalimu alimtuma akakate fimbo ya kuchapiwa yeye mwenyewe. Alirudi na kijiti kikavu alichookota chini, akaeleza kwamba mti haukuwa na kosa lolote. Kijiti kikavunjika pigo la kwanza. Akatumwa tena, akaleta kingine kikavu. Kengele ilipolia, aliyekuwa amechoka ni mwalimu.

Tarehe 26 Oktoba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Benigna. Wakati wa kupeleka posa, pamoja na vibuyu vya rubisi alibeba mche wa msizi, ule mti wetu wa mbao. Babu akauliza, "Na huu unanywewaje?" Marehemu akajibu, "Huu unasubiriwa." Mama mpaka leo anasema kilichokubaliwa siku ile ni rubisi.

Kuanzia mwaka 1976 hadi 2019 alikuwa katekista wa kigango chetu, huku akilima kahawa na migomba. Kila mtoto aliyebatizwa alipewa mche wa msizi, na mche ukaandikwa daftarini kando ya jina lake. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza huanzi mpaka akague mti wako. Jirani yetu Ma Joanitha, mche wa mwanawe ulitafunwa na mbuzi. Asubuhi ya ukaguzi akachomeka tawi ardhini. Marehemu akalishika, likachomoka lote. "Ma Joanitha," akasema, "mtoto huyu umemwazima kwa nani?" Waliomuuliza miti na dini vinahusianaje aliwajibu, "Biblia inaanza bustanini na inaishia kwenye mti wa uzima. Sasa ninyi hapo katikati mnafanya nini na mapanga?"

Haya, mwaka 2012. Nilikuwa najenga Ijuganyondo na paa lilikuwa limenishinda. Taata, baba yetu, akaenda Bukoba kwenye mafungo ya makatekista, wiki nzima. Nikauangusha msizi wangu wa ubatizo, gogo nikamuuzia Fundi Najibu, seremala wa Hamugembe. Taata aliporudi nikamwambia mti umeangushwa na upepo. Alikitazama kisiki, kimekatwa sawasawa kama meza. Akasema, "Upepo wa siku hizi umesoma," akaenda zake kunywa chai.

Lakini tangu Jumapili iliyofuata, kila alipoongoza maombi ya waamini, aliongeza lake: "Utuepushe, ee Bwana, na upepo wenye msumeno." Kanisa zima likaitikia, "Twakuomba utusikie." Nami niliitikia, tena kwa sauti hii hii. Miaka kumi na mitatu hakuniuliza, nami kwa aibu sikusema.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo, na mwezi uliopita akalazwa hospitali ya Rubya. Aliomba kitanda cha dirishani, akawa anawatajia wauguzi majina ya miti ya nje na tabia za kila mmoja. Mdogo wetu Agnetha, aliyemuuguza, anasema siku ya mwisho aliuliza kama mvua imenyesha. Akaambiwa imenyesha. "Basi miche ipandwe," akasema. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda Jumapili kumwambia ukweli. Nilichelewa kwa siku moja, na inaniuma sana.

Jana nilikwenda kwa Fundi Najibu kuagiza jeneza. Akaniambia, "Mbao zipo. Mzee alizikuta hapa wiki ile ile uliyoniletea gogo. Akazikomboa kwa mikungu ya ndizi, akasema nimtunzie, na akanikataza kukwambia. Baadaye alirudi na kalamu." Akageuza ubao wa kifuniko. Kwa ndani palikuwa na mwandiko wa lile daftari: "Msizi wa Kagaruki, aliyebatizwa 17 Juni 1979. Upepo umesamehewa."

Marehemu ameacha mjane, Mama Benigna, watoto watatu, wajukuu tisa, na misizi mia tatu kumi na miwili iliyo hai kwa mujibu wa daftari. Wa mia tatu kumi na tatu ni huu ulio kwenye mfuko hapa miguuni pangu. Nitaupanda mwenyewe kabla hatujala.

Taata, hapakuwa na upepo. Nilikuwa mimi.

Apumzike kwa amani, ndani ya mti wangu.